Mwaka wa Kete za Pembe

Immaculate alinipigia akiwa bado Kampala, saa nne asubuhi, mimi niko mapokezi pale zahanati ya Oud Metha, Dubai, na mbele yangu amesimama mama mmoja wa Kihindi anayetaka kubadilishiwa siku ya kung'olewa jino. "Zuhula," alisema, maana miaka yote hii ulimi wake haujaikubali ile ra ya jina langu, "nakuja huko. Kuna mkutano ya watu wa makumbusho, siku nne. Siku ya mwisho ni yetu wawili. Nataka twende tukaone kete zetu." Nikamwambia karibu sana, nimefurahi, nitaomba ruhusa kazini. Nilipokata simu yule mama alikuwa ameshaniuliza mara tatu na mimi sijasikia hata neno. Neno nililolisikia ni moja tu: zetu. Kwa sababu kete zile hazikuwa zetu hata siku moja. Zilikuwa zake, na kwa mwaka mzima wa ujana wangu sikulala wala sikula vizuri kwa sababu zilikuwa zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kampuni iliyotuajiri ilitupanga chumba kimoja Al Qusais, wanawake sita, vitanda vitatu vya ghorofa, kabati moja lenye milango minne na kufuli sita, na dirisha lililotazama ukuta wa ghala. Mimi nililala chini, Immaculate juu yangu. Kwa hiyo kabla sijamjua sura nilijua miguu yake, kwa sababu kila asubuhi ndiyo iliyotangulia kushuka mbele ya macho yangu, visigino vimepakwa mafuta vizuri kama anakwenda kanisani. Alitoka upande wa Masaka. Kiswahili alikuwa amejifunzia barabarani na kwa walinzi wa Kikongo, na alikisema bila woga, ngeli zote amezitupa kwenye kapu moja: mkono ya mtu, hiyo kitu, ile watu. Mimi wa Pangani nilikuwa namsahihisha mbele ya wenzetu, nikisema namfundisha. Yeye alicheka, akarudia kosa lile lile, na wenzetu wakacheka pamoja naye, si pamoja nami. Ijumaa alipika matoke aliyoyafuata soko la Naif, akayafunika kwa foili badala ya majani ya mgomba, na sahani ya kwanza kila mara aliniletea mimi kitandani. "Kula, mwalimu," aliniambia. Nilikula. Nilikuwa nampenda, na hilo niliseme mapema, maana yanayofuata hayataonyesha.

Kazi yetu ilikuwa kando ya bahari, katikati ya mitaa ya majumba makubwa, kwenye uwanja uliozungushiwa wavu ambapo watu wa mambo ya kale walikuwa wakifukua mji mdogo wa zamani, mji wa misafara, uliokufa miaka mingi kabla ya hizi barabara. Kwa mtu asiyejua ulikuwa ni kuta za magotini na mchanga. Pembeni palijengwa chumba kimoja cha maonyesho chenye makabati ya vioo: vigae, shanga, taa za mafuta, vipande vya chupa. Mimi nilipewa chumba hicho. Nilivaa sare ya buluu na mtandio mweupe, kiyoyozi juu ya kichwa, na kazi yangu ilikuwa kuwakaribisha wageni na kuwaeleza walichokiona, kwa Kiingereza changu cha shule na Kiarabu changu cha chuoni. Immaculate alipewa ufagio na vyoo. Msimamizi wetu alikuwa Bi Shemsa, mama wa Kizanzibari ambaye watoto wake wote walizaliwa Dubai na ambaye Kiunguja chake hakikupata hata vumbi. Alikuwa anatuletea mkate wa kumimina kwenye kopo la biskuti na kutukatia vipande sawa kama anagawa mirathi. Mwezi wa pili wa kazi akaniita. "Zuhura mwanangu, Daktari anataka mtu mmoja wa kuchekecha mchanga huko nje. Utakaa chini ya turubai, utajifunza kazi. Wewe una akili, nimekutaja wewe." Nikatazama nje. Jua lilikuwa limesimama juu ya uwanja kama limepigwa msumari. Nikatazama sare yangu. "Bi Shemsa, mimi kifua changu na vumbi haviendani," nikasema. Kifua changu hakikuwa na kitu chochote. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya," akaenda kumwita Immaculate kutoka chooni.

Naliandika hili kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikiisimulia hadithi hii nikiliruka. Chekeche lile nilipewa mimi kwanza. Hakuna aliyeninyima.

Mkuu wa ufukuaji, tuliyemwita Daktari Hiba, alikuwa mwanamke mfupi, Msyria, mwenye kofia iliyofifia na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo. Hakuwa mwepesi wa kusifu. Kupitia dirisha la chumba changu niliona turubai na meza ndefu, na niliweza kumwona Immaculate akitikisa lile chekeche kubwa lililoning'inizwa kwa kamba, akisimama, akipitisha vidole juu ya kokoto polepole, kama anayechambua mchele wa harusi. Wenzake walichekecha ndoo kumi, yeye sita. Nilitegemea atafukuzwa. Kisha siku moja, kabla ya adhuhuri, nikamwona amesimama tuli na mkono umefungwa. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa Daktari, akafungua kiganja, na yule mama aliyezoea kushindana na upepo akakaa chini kwenye mchanga kama mtoto. Ilikuwa kete ya sataranji, ya pembe, ndogo kuliko kidole gumba, rangi ya chai ya maziwa. Wiki ile zikatoka nne. Wiki iliyofuata mbili. Tano kati ya hizo hazikuwa na sura ya kitu, kwa desturi ya mafundi wa zamani: mfalme ni kama kiti chenye kishungi, farasi ni mviringo wenye pua moja, ngome imekatwa juu kama mdomo wa samaki. Lakini ya sita ilikuwa tembo kweli, mkonga umekunjwa kifuani, na mgongoni ameketi mtu mdogo ambaye uso wake umekwisha kusuguliwa na vidole vya wachezaji. Mimi niliishika mara moja, na glavu, kwa muda wa kuhesabu kumi. Ilikuwa na joto. Nilijua ni joto la mkono wa Immaculate aliyenipa.

Daktari aliwakusanya wafanyakazi wote akaeleza, na Bi Shemsa akatafsiri. Alisema pembe ya namna ile, kwa mshipa wake, kwa uzito wake, haikutoka Bara Hindi. Huenda ilitoka nchi za Zanji. "Ni kwetu huko," Bi Shemsa akaongeza kwa Kiswahili, na macho yake yakanijia mimi. "Pwani yetu, Zuhura. Labda hata Pangani, nani ajuaye?" Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi. Lakini ndani yangu kitu kilikaa na hakikuondoka tena. Pembe imetoka kwetu. Imevuka bahari ya kwetu. Imelala mchangani mamia ya miaka ikingoja mtu, na mtu aliyekuja ni msichana wa bara ambaye mpaka anapanda ndege hakuwahi kuona maji ya chumvi, na ambaye akitaka kusema "kete za pembe" anasema "kete ya pembe zile". Na wageni walipokuja, wakubwa wenye kanzu nyeupe na wazungu wenye kamera, hawakuletwa kwangu kwenye kiyoyozi. Walipelekwa turubaini. Kwenye picha iliyobandikwa ofisini, Daktari amesimama kushoto, Immaculate katikati kiganja kimefunguliwa, na kulia, pembeni kabisa, kuna ukingo wa mtandio mweupe. Huo ni mimi.

Wivu hauingii nyumbani kwa mlango wa mbele. Kwangu uliingia kwa jikoni. Tulikuwa na majiko mawili kwa wanawake kumi na wanane wa ghorofa ile, kila mtu na zamu yake, na nikaanza kuona kuwa Immaculate anachelewesha sufuria, anaacha maganda, anatumia mafuta yangu. Hakuwa anafanya hayo. Nikaanza kukataa matoke kwa kusema tumbo. Jioni alipoketi kitandani juu yangu akichora kete zile kwenye daftari la mistari, nilisikia penseli ikikwaruza na nikawa nageuka ubavu hadi ubavu ili kitanda kitikisike. "Samahani, Zuhula, nimekusumbua?" aliuliza. "Hapana," nikajibu, "endelea tu." Mchana nilisimama chumbani kwangu, na wageni waliponiuliza nani aliyezipata kete, nilijibu, "Wafanyakazi." Nilitamka neno hilo vizuri sana.

Siku moja nikiwa nafuta vioo, Daktari na Bi Shemsa walikuwa wanakunywa chai ya karak kwenye ngazi ya nyuma, mlango haukufungwa. Niliwasikia kwa Kiarabu. Daktari alisema ana nafasi ya mtu mmoja kwenda kufundishwa kazi ya kutunza vitu vya kale, miezi sita, na akirudi atakuwa na cheti ambacho popote duniani kitafungua mlango. "Yule wa Uganda," alisema. "Ana mikono." Bi Shemsa akasema, "Na Zuhura je? Ana lugha." Nikashika kitambaa. Daktari akanywa chai yake. "Zuhura anapenda kutazamwa," akasema. "Hii ni kazi ya kutazama." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kibandiko. Nikamaliza vioo vyote, nikarudia vyote upya.

Jumatano ya wiki ile ile, saa sita kasoro, Immaculate alimkabidhi Daktari yule tembo baada ya kumchora, mezani chini ya turubai, kisha akaenda kunywa maji. Mimi nilikuwa dirishani. Simu ya Daktari ikalia. Aliipokea kwa mkono wa kulia, na kwa kushoto akamfunga tembo kwenye karatasi laini, akamtia kwenye kifuko cha nailoni, na kwa kuwa alitaka mkono huru wa kuandika, akakiteremsha kile kifuko ndani ya boksi lililokuwa wazi karibu yake. Ni boksi la mifupa ya samaki. Akatoka kuelekea kwenye gari akiongea kwa sauti, mambo ya vibali. Baada ya dakika chache mfanyakazi mmoja akaja, akafunga mabawa ya boksi, akapiga utepe, akalipeleka kontena walikoweka maboksi ya mifupa arobaini na kitu yakimsubiri mtaalamu wa mifupa ambaye angekuja miezi mingi baadaye. Niliona yote hayo. Nikafikiri: atakumbuka.

Hakukumbuka. Saa tisa ikawa tafrani. Daktari alikuwa na hakika kuwa tembo alibaki kwenye sinia, na aliyekuwa mwisho peke yake pale mezani, kwa maelezo ya kila mtu, ni Immaculate, aliyerudi kuosha brashi. Walipekua turubai, wakapekua mikoba, wakamwambia avue viatu. Msimamizi wa kampuni akaja na gari. Immaculate alikuwa anazunguka na macho tu, kutoka uso hadi uso, akisema, "Banange, jamani, mimi nimempa mkononi. Mkononi yake nimempa." Alipofika kwenye uso wangu akatulia kidogo, kama mtu aliyepata pa kuegemea. "Zuhula, wewe ulikuwa hapo dirishani. Uliona nimempa?" Watu wote wakanigeukia. Hilo lilikuwa swali jepesi na jibu lake lilikuwa ndiyo. "Nilikuwa na wageni," nikasema.

Sikuwa na mgeni hata mmoja.

Wakamwondoa kazini. Pasipoti tayari ilikuwa mikononi mwa kampuni, na wakamwambia akae chumbani asitoke mpaka waamue kama ni kurudishwa kwao au ni polisi. Alhamisi asubuhi Bi Shemsa akaniambia, bila kunitazama, kwamba Daktari anahitaji mtu wa chekeche. Safari hii kifua changu hakikuwa na tatizo na vumbi. Nilishika kamba zile zile, zimelainika mahali alipozoea kushika. Nilichekecha ndoo kumi na moja. Nilipata mwiba wa samaki, kigae kisicho na rangi na kizibo cha soda cha juzi. Daktari alipita mara mbili, akaangalia, akasema "Tayyib", yaani sawa, kwa sauti ambayo mtu humpa dereva wa teksi. Nilikuwa nimekaa mahali pake, na mahali pake pakakataa kunijua. Nikamchukia zaidi. Kila nilipotaka kusema niliambiwa na moyo wangu kwamba sina hakika, kwamba labda nilichokiona ni karatasi tupu, kwamba Daktari mwenyewe atakumbuka kesho. Ijumaa nilishindwa kukaa naye chumba kimoja. Nikaenda Naif, nikazunguka maduka ya mikoba na mablanketi mpaka miguu ikavimba, nikanunua ndala ambazo sikuzihitaji.

Niliporudi alasiri alikuwa ameketi kitandani kwangu, si kwake, amevaa gauni lake la kanisani. Macho yalikuwa makavu. Magotini alikuwa na lile daftari. "Wamesema Jumapili naondoka," akasema. "Hii itakusaidia wewe. Nimechora kila safu ya mchanga, ile ya juu mpaka ile nyeusi. Sasa sikiliza. Usitafute kitu. Ukitafuta, macho inakudanganya. Wewe pitisha vidole tu. Jiwe ni mvivu, limekaa vile Mungu aliliacha. Kitu imetengenezwa na mtu, vidole inajua." Akanishika mkono akanionyesha, juu ya blanketi langu, akipitisha vidole vyangu taratibu juu ya mikunjo. "Hivyo. Pole pole. Wewe una haraka kidogo." Kisha akacheka. Kama angenituhumu ningeweza kuvumilia. Kama angelia ningeweza kumfariji na kujiona mwema. Lakini alinifundisha. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaona wazi kwamba hata kumsamehe siwezi, kwa kuwa hajawahi kunikosea.

Jumamosi nilifika kazini kabla ya Bi Shemsa, nikamsubiri mlangoni. Nilikuwa nimetunga maneno mengi, yakatoka machache. "Bi Shemsa, wafungue maboksi ya mifupa ya samaki. Yaliyofungwa Jumatano." Alikuwa anatafuta funguo mkobani. Mkono wake ukasimama. "Umejuaje?" "Nimewaza tu," nikasema. Alikwenda kwa Daktari, wakaingia kontena, na boksi la tatu walilolifungua lilikuwa na kifuko. Nilimsikia Daktari akisema, "Ya Allah, mikono yangu, mikono yangu mwenyewe," akilia kwa sauti, na wafanyakazi wakikimbilia kontena. Bi Shemsa hakukaa kusherehekea. Alirudi kwangu, akafunga mlango wa chumba cha maonyesho nyuma yake. Alikuwa mfupi kuliko mimi lakini siku hiyo nilimtazama kutoka chini. "Siku ngapi?" akauliza. "Tatu," nikasema. Akatikisa kichwa kwa muda. "Mtoto wa watu amekaa siku tatu anaitwa mwizi, na wewe n'nakukatia mkate." Kisha akasema, "Mimi sintomwambia. Hilo si langu, lako. Ukimwambia leo litakuuma leo. Ukingoja, shauri yako. Khalas, nenda kaoshe uso, wageni wanakuja."

Nilikwenda na basi la kampuni kumchukua Immaculate. Nilikuwa nimeazimia kabisa. Lakini habari ilikuwa imeshamfikia kwa simu, imefika ikiwa imepikwa: Zuhura ndiye aliyewaza, Zuhura ndiye aliyewaambia wapekue maboksi, Zuhura ana akili. Akashuka ngazi mbio bila viatu, akanikumbatia hadi mtandio ukaanguka. "Wewe umeniokoa," akasema sikioni mwangu. "Watu wote wamekaa kimya, wewe umefikiri juu yangu." Wanawake wa ghorofa nzima walikuwa wanapiga vigelegele. Nikafungua mdomo, nikasema, "Usijali." Nimezaliwa na maneno mengi, lakini hakuna lililonigharimu kama hilo moja.

Baada ya mwezi akaenda mafunzoni. Ungedhani aibu ingeuua wivu. Aibu iliulisha. Sasa kila jema alilolipata nililihesabu kuwa limetoka mfukoni mwangu, na kila shukrani aliyonitumia ilikuwa kama kofi. Alipata cheti, akarudi kwao, akapata kazi makumbusho, akaolewa, akazaa. Mtoto wake wa kwanza wa kike alimwita Zuhura, Mkristo wa Masaka, na padri alipohoji akamjibu ni jina la aliyemwokoa mama yake. Picha ya ubatizo ilinifikia nikiwa nimeshahamia mapokezi ya zahanati. Nikaijibu kwa maua mengi. Jioni ile sikula. Nilimwonea wivu hata kwa huo moyo wa kumpa mtoto jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo alipokuja mwezi uliopita, miaka kumi na minane imepita, nilikuwa nimechoka. Tulikula kwanza, mgahawa mdogo nyuma ya zahanati, wali na samaki na pilipili ya ndimu. Alikuwa amenenepa vizuri, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alinisimulia ghala lake la vitu vya kale, panya wanaokula lebo, wanafunzi anaowafundisha kupitisha vidole. Nilicheka panapochekwa. Kisha tukapanda teksi. Uwanja sasa una njia za mbao na mabango, na chumba changu kimekuwa jengo la kweli, lakini kete wameziacha pale pale, hatua chache kutoka zilipofukuliwa. Kutoka kwenye kabati lao unaona kupitia dirisha mahali turubai liliposimama. Zilikuwa sita, juu ya kitambaa cha kijivu. Immaculate alivaa miwani, akainama kwa tembo. "Angalia huyu mjinga," akasema kwa upendo. Nami nikasema, nikimtazama tembo na si yeye, "Imma, nilimwona Daktari akimtia kwenye boksi. Jumatano ile ile. Nilijua siku zote tatu."

Alibaki ameinama. Nilidhani hakusikia. Kisha akauliza, polepole, "Nilikuuliza. Mbele ya watu." "Ndiyo." "Kwa nini?" "Wivu." Akavua miwani. "Ijumaa ile," akasema, "wewe ulienda Naif. Ile msimamizi ya kampuni alikuja. Akasema nikiandika barua kwamba nimechukua hiyo kitu, hakuna polisi, wananipa pasipoti naenda nyumbani. Nikaandika, Zuhula. Kwa mkono yangu. Mimi Immaculate nimeiba. Nikaweka jina." Sauti yake haikupanda. "Baadaye wakasema wameichana. Sikuiona ikichanwa. Kila kazi naomba, nafikiri, labda leo itatokea. Mume wangu hajui. Miaka yote hii nasema angalau kulikuwa na mtu mmoja alikuwa na mimi hiyo siku." Mlinzi alitupita, kijana wa Kikenya, akatusalimu. Immaculate akachukua mkoba wake, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha lile akitembea kwa haraka juu ya njia ya mbao, akasimamisha teksi, hakugeuka. Na mimi nilibaki na zile kete, nikagundua kwa mshangao kwamba hata hasira yake naionea wivu. Ilikuwa safi. Haikuwa na kitu cha kuficha.

Alinipigia akiwa uwanja wa ndege, nyuma yake wanaita abiria. "Sijui kama nitakusamehe," akasema. "Usiniulize. Lakini ukipiga simu, nitapokea." Akakata.

Nimempigia kila Ijumaa tangu hapo. Wiki ya kwanza tulizungumza mvua ya Kampala na tukaishiwa. Ya pili aliniuliza Bi Shemsa alifariki mwaka gani, nikamwambia, akasema aliwahi kuushangaa uso wa yule mama siku ya kuagana, kama mwenye neno analolificha. Sikumwomba chochote. Ijumaa iliyopita alipokea akiwa anahema kwa furaha, hakuweza kujizuia. Mwanafunzi wake mmoja, binti mdogo kutoka Mbale aliyemfundisha mwenyewe, amepata kwenye shimo lao bangili ya shaba, nzima, haina hata ufa. Akanieleza yote: ndoo ya ngapi, vidole vilivyosimama, namna alivyomwachia yule binti abebe mwenyewe mpaka mezani. Alimsifu kwa sauti ambayo niliitambua, maana zamani aliitumia kwangu, juu ya blanketi langu. Nikalihisi lile dude la zamani likinyanyua kichwa kifuani. Nilikuwa jikoni, maji yanachemka, sina pa kulificha wala sababu.

"Imma," nikamwambia, "namwonea wivu huyo mtoto."

Kisha nikamsikia akicheka, kidogo tu, puani, kama mtu asiyetaka.

"Najua," akasema. "Umesema mapema safari hii." Na akaendelea kunisimulia bangili.